Meno ya Ganzi na Soda ya Posa

Siku ile tulikuwa watu tisa uani kwetu Igoma. Nitawataja wote, kwa sababu wengine wote ni mashahidi na mpaka leo wananidai.

Upande wetu tulikuwa sita. Nilikuwepo mimi, mzaliwa wa kwanza. Alikuwepo mdogo wangu wa kike anayenifuata, yule ambaye watu walikuja kumposa, na kwa hiyo alikuwa jikoni akijifanya anaangalia wali huku sikio lote likiwa nje. Alikuwepo mdogo wetu wa kiume, wa tatu, ndani ya shati aliloazima. Alikuwepo kitinda mimba wetu, binti wa miaka kumi na moja ambaye siri haikukaa mdomoni mwake hata dakika moja. Alikuwepo baba mdogo, aliyekuja kwa baiskeli kutoka Magu kuwa msemaji wetu. Na alikuwepo mama muuza mkaa, jirani yetu, ambaye hakualikwa lakini asingekosa.

Wageni walikuwa watatu kutoka Buswelu: kijana mwenyewe, mjomba wake aliyekuwa mshenga, na shangazi yake, mama mnene mpole aliyekaa pembeni na kitenge begani, asiyesema mengi. Tulidhani amekuja kula tu.

Kabla ya kusema kilichotokea, lazima nieleze desturi ya ukoo wetu. Wageni wa posa huja na kinywaji chao. Mlezi wa binti hukipokea kwa mikono miwili na kunywa wa kwanza. Akinywa mpaka mwisho, mlango umefunguliwa, mazungumzo yaendelee. Akikiweka chini kabla hakijaisha, amekataa, na wageni huondoka bila kuuliza sababu. Zamani ilikuwa pombe ya mtama kwenye kibuyu. Sisi tulikuwa watu wa kanisa lisilogusa pombe, kwa hiyo ilikuwa soda.

Baba mdogo alikuwa mwanaume na mkubwa, angeweza kuinywa yeye. Lakini wiki moja kabla aliniambia, "Aliyewalea ndiye atakayekunywa. Mimi nitasema tu." Nilifurahi mno. Halafu nikakumbuka meno yangu.

Wazazi wetu waliondoka mmoja baada ya mwingine nikiwa darasa la sita. Sikurudi shule. Kitinda mimba alikuwa na miaka miwili, wa kiume alikuwa tisa, huyu wa kuposwa kumi na miwili. Nilianza kwa kuuza dagaa kwa kopo, na baadaye, viwanda vya minofu vilipojaa kando ya ziwa, nikawa nakaanga mapanki, yaani vichwa na mifupa ya sangara inayobaki baada ya minofu kwenda Ulaya. Watu walicheka kwamba Wazungu wanakula nyama na sisi tunakula mifupa, lakini mifupa ile ilisomesha watoto watatu.

Mwezi wa kwanza tu baada ya msiba wa mama, mdogo wangu wa kiume alirudi kutoka shule analia. Mwenzake wa dawati moja alihama kiti akisema watoto yatima wananuka midomo. Sikulala vizuri siku ile. Asubuhi niliwapanga wote mstari mbele ya mlango na kuapa kwamba hakuna mtu atakayesema neno lile tena juu yetu.

Dawa ya meno wakati ule haikuwa kitu cha watu kama sisi. Nilichukua chengachenga za mkaa kwa jirani, nikazitwanga, nikachekecha kwa kitambaa. Nikachanganya na mchanga mweupe, ule laini kabisa wa ufukweni, na chumvi kidogo. Nikauweka kwenye kopo la maziwa ya unga lenye mfuniko. Kila asubuhi kila mtu alichovya kijiti chake cha mswaki mle ndani akasugua, nami nikahesabu mpaka mia moja kwa sauti. Baadaye nilipita nikikagua. Asiyeng'aa alirudia. Niliwaambia, "Sufuria haling'ai kwa kubembelezwa."

Na kweli yaling'aa! Igoma nzima ilijua meno yetu. Wanawake pale gengeni walisema, "Wale yatima nguo hawana, lakini wakicheka utadhani taa imewashwa." Huo ndio ulikuwa utajiri wetu, na mimi ndiye niliyeufua kila asubuhi kwa mkono wangu.

Serikali iliporuhusu bidhaa za nje, mambo yakawa mazuri zaidi, au ndivyo nilivyodhani. Soko la Mirongo likajaa vitu. Miswaki ya plastiki ya kila rangi ilimwagwa juu ya viroba, unachagua. Muuzaji aliniuliza, "Laini au migumu, dada?" Nikamwambia, "Ile migumu kuliko yote." Nikanunua minne. Dawa ya meno nilinunua pia, lakini ilionekana kama povu la kuchezea, kwa hiyo kopo halikustaafu. Tukawa tunaweka dawa juu ya mchanga.

Sijui lini hasa ilianza. Nafikiri ni embe bichi. Nilikuwa napenda embe bichi lenye chumvi na pilipili, na nikishalila nilikimbilia mswaki kuondoa uchachu, nikasugua kweli kweli. Siku moja nikanywa maji ya mtungini, ya kawaida tu, na kitu kama sindano kikapita kwenye meno ya chini upande wa kushoto, kikaenda mpaka sikioni, kikatoweka. Nikasimama na kata mkononi nikitazama huku na huku, kana kwamba kuna mtu amenichoma.

Basi nikajua ganzi ya meno ni nini. Baridi iliniuma. Chai ya moto iliniuma. Ndimu, sukari, hata upepo wa asubuhi kutoka ziwani nikifungua mdomo kusema shikamoo. Hayakuwa maumivu ya kukaa. Yalikuja kama umeme na kuondoka kama umeme. Kwa hiyo nikajifunza kuishi nayo. Nilitafuna kulia tu. Nilikunywa maji baada ya kuyashika mdomoni kwanza upande mzuri yapate joto. Upande wa kushoto sikuupiga mswaki tena, maana nywele za mswaki zikigusa pale karibu na ufizi niliruka. Wadogo zangu walipiga mswaki mpaka mia moja, na mimi niliyehesabu nilikuwa naruka nusu ya mdomo wangu. Hilo hakuna aliyelijua.

Sikumwambia mtu isipokuwa mama muuza mkaa, na yeye alikuwa na jibu moja tu kwa kila kitu cha mdomoni.

"Ng'oa."

"Meno matatu, mama?"

"Ng'oa yote matatu. Mimi nimeng'oa saba, unaniona ninalia? Pale sokoni kuna fundi mmoja ana koleo safi. Unahesabu moja, mbili, ya tatu huisikii."

Nilikubali. Nikapanga Jumatatu, siku mbili baada ya posa. Si kabla. Kabla isingewezekana, na hapa ndipo utaona ubaya wa jambo lenyewe. Kijana yule alimwona mdogo wangu kwenye kwaya. Aliwaambia watu wake, na maneno yakatufikia, kwamba kitu cha kwanza alichokiona ni meno. Watu wanakuja kwa sababu ya meno ya nyumba hii, halafu mkubwa wa nyumba anawapokea akiwa na pengo la meno matatu? Tena mwaka mmoja nyuma watu wengine walishafika mpaka kizingitini wakarudi. Walisema hatuna kasoro, ila watoto waliojilea wenyewe hawajui adabu za wakwe. Mdogo wangu hakulia mbele yangu safari ile, lakini niliona mto wake umelowa. Na kijana huyu, mdogo wangu alimpenda. Sikutaka kosa hata dogo kama punje ya mtama.

Nilijiandaa. Kwa kuwa soda wangeleta wao, nilimtuma mdogo wangu wa kiume apeleke salamu kwa ujanja kwamba kwetu hatuna friji, wasisumbuke na mambo ya baridi. Alipeleka. Kijana akaelewa vingine kabisa. Alikuwa anafanya kazi kiwanda cha minofu, kitengo cha barafu. Aliposikia hatuna friji, akaona hapo ndipo atakapotuonyesha mapenzi.

Basi siku yenyewe ikafika, Jumamosi mchana, jua linachoma mawe. Wageni wakabisha hodi. Mshenga mbele na fimbo, shangazi nyuma, na kijana katikati amebeba kichwani beseni kubwa lililofunikwa kiroba. Alilitua uani taratibu kama anayetua mtoto. Akaondoa kiroba. Barafu! Barafu tupu ya kusagwa, nyeupe, inatoa moshi, na shingo za chupa zimechomoza kama vifaranga.

Mama muuza mkaa akapiga vigelegele. "Haya ndiyo maendeleo! Wanaoposa kwa barafu!"

Baba mdogo akakohoa kwa furaha. Kitinda mimba akaja akaokota kipande akatia mdomoni. Meno yangu yaliuma kwa kumtazama.

Tukasalimiana, shikamoo na marahaba zikaenda mpaka zikaisha. Mshenga akasimama. Alikuwa mzee mrefu mwenye sauti ya mtu aliyewahi kuwa karani wa pamba.

"Tumekuja na kiu," akasema, "na tumesikia nyumba hii ina kisima. Lakini mtu haingii kisimani kwa watu bila hodi. Hodi yetu ni hii." Akachomoa chupa moja, akaifungua, maji yanachirizika, akaninyooshea. "Mlezi, kata kiu yetu."

Nikaipokea kwa mikono miwili. Vidole vilikufa. Nikatazama jikoni, nikaona jicho moja la mdogo wangu kwenye ufa wa mlango.

Mpango wangu ulikuwa kuinamisha kichwa kulia, nimimine upande mzuri, nimeze harakaharaka. Nikafunga macho. Fundo la kwanza likapita. La pili likapita. La tatu soda ikachemka gesi mdomoni, ikavuka ikaenda kushoto.

Sijui uso wangu ulifanya nini. Walionishuhudia wamekuwa wakiuigiza kwa miaka, kila mmoja kwa namna yake, na hakuna hata mmoja unaofaa kwenye posa. Ninachojua ni kwamba jicho moja lilijifumba, bega likapanda mpaka sikioni, na mkono, wenyewe tu, bila ruhusa yangu, ukaiweka chupa chini kwenye mkeka.

Kuku tu ndiye aliyeongea.

Mshenga akaitazama chupa. Ilikuwa imebaki zaidi ya nusu. Akaanza kubana fimbo kwapani, taratibu, kama mtu anayejiandaa kuaga.

"Ni gesi!" baba mdogo akasema. "Soda za siku hizi zina gesi kali sana. Hata mimi juzi..."

"Gesi huleta mbweu," mshenga akajibu. "Haimkunji mtu uso kama aliyelamba shubiri. Mlezi amesema. Tumesikia."

"Sijasema!" nikapayuka. Nikaichukua chupa tena, na hilo nalo lilikuwa kosa, maana kilichowekwa chini hakiokotwi. Lakini niliona bora nivunje desturi kuliko kuvunja moyo wa yule aliyekuwa nyuma ya ufa. Nikanywa. Ikapiga palepale. Safari hii machozi yakatoka, mawili, yakashuka mpaka kidevuni.

"Analia," kijana akasema kwa sauti ndogo. "Mjomba, analia. Ananichukia kiasi hicho?"

Hapo ndipo yule shangazi mnene, ambaye hakuwa amesema neno tangu marahaba, akajikokota kwenye mkeka, akaja mbele yangu akapiga magoti.

"Mwanangu, fumbua mdomo."

"Hakuna kitu, shangazi."

"Fumbua. Nimetazama midomo ya watu tangu kabla hujaota meno yako ya kwanza."

Tukaja kujua baadaye kwamba alikuwa msaidizi katika chumba cha meno cha hospitali moja mjini, na huko ndiko alikozeekea. Nikafumbua. Akanigeuza kichwa kwenye jua mbele za watu wote, posa imesimama, wali unaungua, mshenga na fimbo kwapani.

"Ni huku kushoto, chini?"

"Ndiyo."

"Inauma usiku umelala, yenyewe tu, inapwita?"

"Hapana. Mpaka kitu kiguse. Halafu inaondoka."

"Baridi, moto, tamu, chachu?"

"Vyote."

Akanikandamiza kwa ncha ya ukucha, taratibu, pale jino linapokutana na ufizi. Niliruka nikampiga baba mdogo goti.

"Mjomba, keti," shangazi akamwambia mshenga bila kugeuka. "Huyu binti hajatukataa. Ana ganzi ya meno. Na ameinywa mara mbili akijua. Mimi nawajua wanaume wanaotoroka kiti cha daktari kwa chini ya hapo."

Kisha akaniuliza, "Unasugulia nini?"

Kabla sijafikiri jibu la heshima, kitinda mimba alishaingia ndani na kutoka na kopo. Alikuwa amelishika juu kama sadaka. "Hili hapa! Dada anahesabu mpaka mia moja. Asiyeng'aa anarudia!"

Shangazi akafungua mfuniko. Akachota kidogo, akasugua kati ya vidole viwili, akasikiliza sauti yake. Akanitazama. Kisha akachukua kikombe kilichokuwa mkekani, kile cha bati lenye rangi nyeupe na ukingo wa buluu, cha mama yetu. Kando yake kilikuwa kimechubuka, rangi imetoka, bati jeusi linaonekana.

"Hiki unakisugua na nini?"

"Mchanga."

"Kilipokuwa kipya kilikuwa na jeraha hili?"

"Hapana."

"Na meno?"

Mama muuza mkaa ndiye aliyejibu kwa niaba yangu: "Yesu wangu, mkaa ni wangu!"

Shangazi akacheka mpaka kitenge kikaanguka. Halafu akatueleza, si kwa ukali, kama mtu anayeeleza jinsi ya kupika. Jino lina koti gumu la nje, akasema, kama rangi ya kikombe hiki. Ndani ya koti kuna sehemu laini yenye njia ndogondogo zinazokwenda moja kwa moja mpaka kwenye uhai wa jino. Ukilisugua koti kwa mchanga na mswaki mgumu, linakwisha pale shingoni, na ufizi nao unakimbia, unashuka, unaacha shina wazi. Ndiyo maana baridi inapita kama mwizi aliyekuta mlango wazi. Ukila vitu vichachu koti linalegea kwa muda, na ukisugua saa ileile unalikwangua likiwa limelegea. Suuza kwa maji, subiri kama nusu saa, ndipo upige mswaki.

"Na huku kushoto huku hupigi mswaki kabisa," akaongeza. "Ufizi umevimba, ukiguswa unatoa damu. Uliogopa maumivu ukaacha uchafu ukae. Ganzi haijakuharibia mdomo bado, lakini woga wa ganzi umeshaanza."

Wadogo zangu wakanigeukia wote. "Dada! Hupigi?" Nilitamani beseni la barafu linifunike.

"Jumatatu anang'oa," mama muuza mkaa akasema kwa fahari. "Nimeshamwongelea kwa fundi."

"Ang'oe nini? Meno haya ni mazima! Mtu mlango wake ukilia anabomoa nyumba?" Shangazi akaniambia kwamba Jumatatu nitakwenda, ndiyo, lakini kwake, na nitakwenda na hawa wote. Palepale akaanza kukagua. Mdogo wangu wa kiume alifumbua mdomo, yule wa kuposwa akaitwa kutoka jikoni, na hivyo ndivyo bibi harusi wetu alivyotolewa mbele ya wakwe kwa mara ya kwanza: mdomo wazi, mwiko mkononi, macho juu. Kijana aliyatazama meno yale kwa makini kuliko shangazi yake. Hata baba mdogo alijipanga mstari.

"Haya," mshenga akasema hatimaye. Alikuwa ameketi, lakini hakuwa ameridhika. "Ugonjwa nimeuelewa. Lakini chupa haijaisha. Desturi haina meno, haijui ganzi."

Hilo lilikuwa kweli, na baba mdogo hakuweza kulipinga. Akasema anywe yeye. Mshenga akakataa; mlezi ni mlezi. Nikasema kuna soda za moto jikoni nilizonunua mwenyewe. Akakataa, hiyo si hodi yao. Tulizunguka hapo kama robo saa, barafu ya watu inayeyuka. Mwishowe mdogo wangu wa kuposwa, ambaye kwa desturi hakupaswa kusema lolote, akasema kutoka mlangoni:

"Kwani imeandikwa wapi isipashwe?"

Mshenga akakubali kwa kichwa. Baba mdogo akapiga paja. Basi ikamiminwa kwenye sufuria, ikatengwa kwenye jiko la mkaa, na kijana aliyekuwa ametoka na barafu kiwandani akaambiwa apepee moto kwa mfuniko. Alipepea kwa bidii. Ikawa vuguvugu, gesi ikaisha, ladha ikawa kama dawa ya kikohozi. Nikaipokea ndani ya kikombe cha mama, nikainywa mpaka tone la mwisho, nikakipindua kuonyesha. Vigelegele vya mama muuza mkaa vilisikika mpaka barabara ya Musoma.

"Mlango umefunguliwa," mshenga akasema. "Lakini kuna faini. Kinywaji chetu kimepikwa kama uji mbele ya macho yetu. Mlezi atatulipa: siku moja, atakayoichagua mwenyewe, atakunywa chupa nzima, ya baridi, kutoka kwenye barafu, mbele ya watu hawa hawa tisa, bila kukunja uso. Mpaka siku hiyo anadaiwa."

Wote wakasema tumesikia. Hata wadogo zangu! Ukoo wangu mwenyewe ulishuhudia upande wa pili.

Jumatatu tulikwenda. Nilipakwa dawa kwenye shingo za meno yale matatu, nikaoshwa ule upande niliouogopa. Mdogo wangu wa kiume alikutwa na tundu gegoni ambalo hata yeye hakulijua. Alidhani ni ganzi kama yangu, lakini yake ilikuwa ikiguswa na baridi inakaa, inapwita, haiondoki. Daktari alisema hiyo ndiyo tofauti, na kwamba tumewahi. Ilizibwa. Nilinunua miswaki minne laini kabisa, na muuzaji wa Mirongo akaniuliza kama nimeugua. Shangazi alinifundisha kuushika kama kalamu, si kama jembe, na kwenda taratibu, na mwishoni kutema povu bila kusukutua kwa maji mengi, ili dawa ibaki ifanye kazi yake. Kopo nililimwaga mwenyewe nyuma ya choo. Kitinda mimba alifanya mazishi, na wimbo.

Kwa wiki kadhaa sikuona mabadiliko, nikataka kukata tamaa, ila kukata tamaa sikuwahi kukujua vizuri. Nikaendelea asubuhi na jioni. Mwezi wa pili damu ikaacha kutoka. Kisha siku moja nikanywa maji ya mtungini nikiwa na mawazo mengine, nikashtukia nimemeza tayari bila kuchomwa.

Nilimwuliza shangazi koti lile litarudi lini. Akasema halirudi, mwanangu. Kilichobaki tunakilinda. Jioni ile niliwaita wadogo zangu watatu, nikawaambia nimewakosea. Niliwasugua kwa miaka tisa nikidhani nawalinda. Wa kiume akasema hajawahi kunuka mdomo darasani, hilo ndilo analokumbuka. Kitinda mimba akasema anakumbuka mia moja. Yule wa kuposwa akacheka kwa kicheko chake kile cha taa. "Dada, hata kama ni mchanga, ndio ulionitoa kwenye kwaya ukanipeleka Buswelu."

Aliolewa. Kwenye harusi mshenga alinijia na chupa juu ya sahani yenye barafu. Nilinywa nusu, jicho likacheza, mashahidi wote wakapiga kelele, "Amekunja!" Kwenye ubatizo wa mtoto wa kwanza nilifika robo tatu. Kwa mtoto wa pili ningeweza, nina hakika, lakini baba mdogo alinichekesha kwa makusudi, na mshenga akahukumu kwamba kicheko nacho ni kukunja uso.

Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimu mshenga alikuwa ameketi nje, mdomo umemwingia ndani, meno yote yamekwisha. Aliniletea chupa mwenyewe kutoka ndani, sasa wana friji. Akafungua yake, akainywa yote kwa pumzi moja, baridi ile, uso laini kama wa mtoto mchanga.

"Unaona?" akasema. "Mimi hainiumi."

"Wewe huna pa kuuma, mzee."

"Basi lipa tuyamalize."

Nikaigusa chupa. Ilikuwa baridi kweli. Nikamwambia hawajatimia tisa, tupo wawili tu, na desturi ni desturi. Akacheka ufizi mtupu, akairudisha chupa yangu kwenye friji, akaufunga mlango. Ipo mle.